Mtaa ukiacha makaro: bomba moja la majitaka, na kwa nini hesabu huanzia nyumba ya chini

Karo la nyumba moja lilijengwa kwa familia moja. Leo nyumba hiyohiyo ina vyumba sita vya wapangaji, watu ishirini, na kila mmoja akitumia lita 60 kwa siku, shimo la kunyonya linapokea zaidi ya lita 1,000 kila siku inayopita. Kiangazi ardhi inajitahidi. Masika yakiingia na maji ya ardhini yakapanda, shimo lile linageuka kisima: badala ya kutoa maji, linaingiza. Kwenye mitaa mingi ya Dar es Salaam iliyojengwa bila ramani, gari la kunyonya halifiki, kwa kuwa uchochoro una upana wa mita moja na nusu na mpira wa gari una mwisho wake. Ndipo watu hungoja mvua kubwa ya usiku wakatapisha choo, na asubuhi watoto wanapita humohumo kwenda shule.

Bomba la pamoja ni jibu la hali hiyo, na si jambo la kubuniwa jana. Mwaka 1981, mjini Natal kaskazini-mashariki mwa Brazili, mitaa ya Rocas na Santos Reis iliunganishwa kwa mabomba membamba yaliyolazwa kina kifupi, yakipita uani na vichochoroni badala ya kufuata barabara kubwa. Kundi la nyumba zinazopakana lilichukuliwa kama mteja mmoja, kama ghorofa lililolazwa chini. Orangi, pembezoni mwa Karachi, wakazi walianza kujilipia mabomba ya vichochoro vyao mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vingunguti, Dar es Salaam, wakazi wa Mji Mpya walilaza mabomba ya aina hii kwa kuwa mabwawa ya majitaka ya mamlaka ya maji yako jirani nao. Mukuru, Nairobi, kazi ya namna hiyo ilifuata baada ya eneo hilo kutangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017.

Maandishi mengi kuhusu mabomba haya huanza na fedha. Sisi tunaanza na nyumba ya chini kabisa, ile ambayo maji ya wote hupita mbele ya mlango wake. Kila kosa linalofanywa juu hutokea kwake. Jirani wa tano akitupa nepi chooni, bafu linalofurika ni la nyumba ya chini. Fundi akilaza kipande kimoja bila mteremko, uvundo unakaa kwake. Mtaa unaopanga kila kitu ukimwangalia huyu wa mwisho hupata mtandao unaodumu. Mtaa unaomwangalia aliyechangia zaidi hurudi kwenye makaro baada ya misimu miwili ya mvua.

Swali la kwanza kabisa: maji yanaishia wapi?

Kabla mtu hajashika sururu, lazima pajulikane mwisho wa bomba. Kuna bomba kuu la mamlaka ya maji karibu? Kuna mabwawa? Au mtaa utajenga mtambo mdogo wa kuchuja, na ardhi ya kuuweka ipo kwa maandishi? Bomba lisilo na mwisho unaoeleweka linahamisha tu uchafu kutoka uani kwenda mtoni, na kwa Dar es Salaam mto huo mara nyingi ni Msimbazi, ambao bondeni kwake watu wanalima mchicha. Tumeona vikundi vikichangishana kwanza na kuuliza baadaye. Fedha zikishakusanywa, shinikizo la kuchimba huwa kubwa kuliko busara.

Bomba kuu likiwepo, omba mamlaka ifungue chemba yake, yaani shimo lenye mfuniko la kukagulia bomba, mbele yenu, mpime kwa mkono kina cha sakafu ya bomba lile, yaani sehemu ya ndani ya chini ambako maji hukimbilia. Namba hiyo moja ndiyo itakayoamua kama mradi upo au haupo. Msikubali namba ya kukisia, wala ya kwenye mchoro wa zamani, kwa kuwa barabara hujazwa kifusi na kina hubadilika.

Hesabu yake ni hii. Chukua mstari wa mita 90 unaohudumia nyumba kumi. Bomba la inchi 4 (milimita 110 kwa nje) linahitaji mteremko usiopungua 1 kwa 200, maana yake nusu sentimita kwa kila mita. Kwa mita 90 unashuka sentimita 45. Nyumba ya juu kabisa, mgongo wa bomba ukifunikwa na udongo wa sentimita 25, sakafu ya bomba iko kwenye sentimita 36. Ardhi ikiwa tambarare, mwisho wa mstari sakafu itakuwa kwenye sentimita 81, na unataka anguko la sentimita kumi hivi kuingia kwenye chemba ya bomba kuu. Kwa hiyo bomba kuu liwe na kina cha angalau sentimita 90. Likiwa na sentimita 70, umepungukiwa na 20, na hakuna fundi wa kuzipata hizo 20 kwa ujanja. Badilisha njia, gawa nyumba zishuke upande mwingine, au nyanyua sakafu za vyoo. Pampu tunaishauri mwisho kabisa, maana umeme ukikatika majitaka hayasubiri.

Kina cha sentimita 25 kinatosha pale tu ambapo panapita watu kwa miguu. Njia ya bodaboda, guta na bajaji inataka sentimita 40 na zaidi. Panapopita gari shuka zaidi ya hapo, au funika bomba kwa zege la unene wa sentimita kumi pande zote.

Kuhusu ukubwa, watu wengi wanadai inchi 6 wakiamini ni salama zaidi. Si kweli. Watu 1,000 wakitumia lita 80 kila mmoja, na asilimia 85 ya maji hayo yakirudi bombani, unapata lita 68,000 kwa siku. Wastani wake hauzidi lita 0.8 kwa sekunde. Saa za asubuhi, wote wanapoamka, zidisha kwa 1.8 na hutafika hata lita 1.5 kwa sekunde. Bomba la inchi 4 kwenye mteremko wa 1 kwa 200 linabeba takriban lita 3.5 kwa sekunde kabla halijajaa kupita kiasi. Nyumba kumi zenye watu 200 hazilijazi hata kidogo. Bomba likiwa pana mno, maji yanatandazika sakafuni kama uji kwenye sinia, hayana nguvu ya kusukuma kitu.

Hapa inafaa kueleza kinachotokea ndani, kwa sababu mambo mengi yanafuata kutoka hapo. Kinyesi hakisafiri safari moja kutoka chooni hadi mwisho. Maji ya ndoo yanakuja kama wimbi, yanakisukuma mita kadhaa, wimbi linakufa, kinakaa. Wimbi la jirani linakifuata, kinasogea tena. Ndiyo maana mita 30 za juu, ambako nyumba bado ni chache na mawimbi machache, tunazipa mteremko wa 1 kwa 100 kama ardhi inaruhusu. Ndiyo maana pia maji ya bafu na ya kufulia yaingie bombani. Nyumba inayomwaga maji ya kufulia uani na kupeleka ya chooni peke yake inalinyima bomba nguvu. Na ndiyo maana mtaa usiopata maji ya kutosha, chini ya lita 60 hivi kwa mtu kwa siku, usikimbilie mfumo huu kabla haujatatua maji kwanza. Maji ya mgao yakikatika siku tatu, nyumba ya juu kabisa imwage ndoo nne au tano za lita 20 kwa mkupuo, mara moja jioni. Maji yaliyotumika kusuuzia nguo yanafaa kwa kazi hiyo.

Mpira wa maji, si pimamaji

Tatizo kubwa kuliko yote katika kulaza bomba ni fundi kutumia pimamaji fupi. Pimamaji ya sentimita 60 ikikosea milimita 2 tu, jambo ambalo jicho halilioni, kosa hilo kwa mita 12 linakuwa sentimita 4. Mteremko mzima uliokuwa unautafuta kwa mita 12 ni sentimita 6. Umebaki na 2, na pengine kuna mahali bomba linapanda.

Tumia mpira wa maji, ule mwangavu wa mita 15 au 20. Ujaze polepole kutoka ndoo iliyoinuliwa, huku mtu akiutazama wote urefu wake kwenye mwanga. Kiputo kimoja cha hewa kilichojificha katikati kinatosha kuharibu vipimo vya siku nzima. Kiguse kwa kidole, kipandishe hadi kitoke. Kisha leteni ncha mbili pamoja, ubavu kwa ubavu. Maji lazima yasimame sawasawa. Yasiposimama sawa, msiendelee. Yakiwa sawa, mmoja abaki kwenye kigingi cha mwanzo, mwingine aende kwenye kigingi cha pili, wangoje maji yaache kucheza, kila mmoja aweke alama ya penseli. Alama mbili hizo ziko usawa mmoja. Kutoka hapo kwenye kigingi cha chini shusha alama kadiri ya mteremko: vigingi vikiwa vimeachana mita 10 na mteremko ni 1 kwa 200, shusha sentimita 5. Funga kamba ya nailoni kutoka alama ya juu hadi alama mpya, ikazwe hadi ilie ukiigonga, na pima kila mita kutoka kwenye kamba kwenda chini kwa fito moja iliyokatwa kwa kipimo. Kamba ikilegea katikati kwa sentimita moja, bomba nalo litakuwa na bonde la sentimita moja, na bonde ndilo linalokusanya mchanga. Bomba lenye mteremko mkali halitusumbui kama lenye bonde.

Chimbeni kutoka chini kwenda juu, kamwe si kinyume chake. Ukianzia juu, kosa lote linajikusanya mwishoni, kwenye nyumba ileile ya chini. Mtaro uwe na upana wa sentimita 40, na uchimbwe sentimita kumi zaidi ya sakafu ya bomba ili paingie tandiko la mchanga. Mchanga huo ufike hadi sentimita kumi juu ya mgongo wa bomba, ushindiliwe kwa mguu pande zote mbili kwa pamoja. Mahali penye udongo wa kichanga, kama sehemu nyingi za Dar es Salaam, chekecha udongo uleule wa mtaro, inatosha. Jiwe moja lenye ncha likibaki chini ya bomba litalitoboa pole pole, kila bodaboda inapopita juu.

Mdomo mpana wa bomba, yaani soketi, uelekee juu maji yanakotoka. Ncha nyembamba inaingia soketini ikifuata mkondo, hivyo hakuna ukingo wa kukamata matambara. Nunua bomba nene la kufukia ardhini. Lile jembamba la kupandisha hewa linafanana nalo dukani, ni jepesi na la bei ndogo, lakini likifukiwa linabonyea na kuwa umbo la yai. Panapokutana na bomba la maji ya kunywa, la maji lipite juu, angalau sentimita 30, na pasiwe na kiungo mahali hapo. Hili ni la uhai. Mabomba ya maji ya mitaani hukaa bila presha siku za mgao, na bomba lisilo na presha lenye ufa hunyonya kila kilicho pembeni mwake.

Kwa mfano wetu wa nyumba kumi, vifaa ni karibu hivi: mabomba 15 ya mita 6 kwa mstari, 10 kwa maungio ya nyumba, na mawili ya kukatakata, jumla 27. Udongo wa kuchimbwa ni karibu mita za ujazo 25, na mchanga wa tandiko karibu 10 kama hamchekechi. Chemba ni 14: kumi za nyumba, tatu za kwenye kona na moja ya mwisho kabla ya bomba kuu. Chemba ya ndani sentimita 40 kwa 40, kina sentimita 60, inakula tofali 15 za inchi 5 na karibu mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ukihesabu sakafu, kujenga, plasta ya ndani na mfuniko. Chemba yenye kina kinachozidi sentimita 70 iwe 60 kwa 60, la sivyo mtu hawezi kuinama na kufanya kazi. Bei tunaziacha, maana zinabadilika, vipimo havibadiliki.

Chemba ndipo utakapomjua fundi. Fungua mfuniko utazame sakafu. Ikiwa ni bapa kama sakafu ya chumba, fundi huyo hajawahi kurudi kuzibua alichokijenga. Sakafu inatakiwa iwe na mfereji wa nusu duara, laini, uliosuguliwa kwa saruji ya unga, unaoanzia mdomo wa bomba la juu hadi mdomo wa bomba la chini bila ngazi. Pande zake mbili zipande kuelekea kuta, ili kinachorukia pembeni kirudi mferejini. Bomba la nyumba liingie kwa pembe ikifuata mkondo. Likiingia kwa kona kali au likikabili mkondo uso kwa uso, maji mawili yanagongana na taka zinatua. Sakafu bapa hukusanya kinyesi kwenye kona, kinakauka, kinanuka, mende wanafurahi, na wakazi wanaanza kusema bomba la pamoja ni baya.

Weka chemba kila kona, kila nyumba inapoungana, na usiache zaidi ya mita 20 bila chemba, kwa sababu fito za kuzibulia zinazosukumwa kwa mkono hazifiki mbali na zikabaki na nguvu. Midomo ya chemba iwe juu ya ardhi kwa sentimita tano hadi kumi ili maji ya mvua yasiingie. Mifuniko iwe ya zege lenye nondo, unene wa sentimita 6. Ya chuma huishia kwa wanunua vyuma chakavu.

Sasa mvua. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 20 kwa nusu saa, kitu cha kawaida kabisa mwezi wa nne, linatoa lita 2,000, yaani lita 1.1 kwa sekunde. Linganisha na namba za juu: bomba linabeba 3.5, watu 1,000 wanaleta karibu 1.4. Mapaa mawili tu yaliyounganishwa kwa siri yanalijaza bomba lote, na bafu la nyumba ya chini linatapika. Hili lisemwe kikaoni kwa namba hizo hizo, maana watu wanaelewa namba vizuri kuliko marufuku. Mvua ina mfereji wake; kama hauna, chimbeni wote wawili kwa pamoja.

Nyumba ya chini ilindwe pia kwa kifaa. Nje ya ukuta wake, kwenye bomba lake la kuungia, jenga kikaro kidogo chenye wavu, mdomo wake uwe chini ya sakafu ya bafu kwa sentimita 15. Bomba kuu likiziba, maji yatatokea uani, yataonekana na kunuka, na watu watakuja kuzibua. Bila kikaro hicho yangetokea ndani, kwenye chumba anacholala mtoto. Hatujawahi kujuta kukijenga.

Jikoni

Vyoo vinalaumiwa, lakini kinachoziba mabomba ya pwani mara nyingi kinatoka jikoni. Chicha ya nazi. Wali uliobaki kwenye sufuria. Mchanga na majivu ya kusugulia masufuria. Mafuta ya kukaangia ya mama ntilie, ambayo yakiingia bombani yakiwa ya moto yanapita salama mita chache, yakapoa, yakaganda kwenye paa la bomba na kuwa kama sabuni ngumu. Kila nyumba iwe na mtego wa mafuta kati ya karo la vyombo na chemba: kisanduku cha tofali au ndoo nene ya lita 20 hadi 30, maji yaingie juu, yatoke kwa tii (kiungo cha bomba chenye umbo la T) iliyoshuka hadi theluthi mbili ya kina. Mafuta yanaelea, mchanga unatua, maji ya katikati yanaendelea. Mama ntilie anataka mtego wa lita 60 au zaidi, na usafishwe kila baada ya siku mbili tatu. Wa nyumbani, kila wiki. Kinachotolewa kichanganywe na majivu, kifungwe, kiende na taka ngumu. Kukimwaga kwenye chemba inayofuata, kama tulivyoona kikifanyika, ni kuhamishia kazi kwa jirani.

Chooni, mtego wa maji wa shingo usiondolewe hata kama unaziba mara moja moja. Fundi akiuondoa, uvundo na mende wa mtandao mzima wanaingia nyumbani mwako. Weka na bomba la hewa linalopita juu ya paa, la sivyo wimbi la maji likipita linainyonya ile shingo ikabaki kavu.

Makubaliano ya maandishi

Ramani ya njia ichorwe, ikionyesha kila chemba, na isainiwe na wenye nyumba wote mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wa shina. Iandikwe kwamba hakuna kujenga juu ya bomba wala chemba, na kwamba haki ya kufungua chemba inaendelea hata nyumba ikiuzwa. Mnunuzi mpya asiyejua hujenga choo au banda juu ya chemba mwezi wa kwanza tu. Iandikwe nani analipa: kuanzia chooni hadi chemba ya nyumba ni mwenye nyumba, kuanzia chemba hadi chemba ni kundi lote, bomba kuu ni mamlaka. Mchango tunashauri uhesabiwe kwa matundu ya vyoo, kwa kuwa nyumba yenye vyumba kumi vya wapangaji na ya bibi anayeishi na mjukuu haziwezi kulipa sawa. Na wapangaji waitwe kikaoni. Mwenye nyumba anasaini, lakini wanaotupa au wasiotupa pedi chooni ni wapangaji, na mara nyingi mwenye nyumba anaishi mtaa mwingine kabisa.

Wapo watakaosema karo langu bado zima, niunganishe maji yanayotoka karoni tu. Njia hiyo ipo na ina historia. Ilianza Zambia mwaka 1960, kabla ya uhuru wake. Maji yaliyotulia karoni hayana vigumu, hivyo bomba linaweza kuwa na mteremko mdogo zaidi. Lakini makaro bado yanahitaji kunyonywa, na tatizo la gari kutofika linabaki palepale. Hatari kubwa ni kuchanganya. Bomba likilazwa kwa mteremko wa maji matupu, halafu jirani mmoja karo lake likajaa akalipita kwa kipande cha bomba usiku, kinyesi chake kinaingia kwenye bomba lisiloweza kukibeba. Amueni mapema: wote wanabaki na makaro, au wote wanayaacha. Kwenye mitaa iliyobanana sisi tunachagua kuyaacha.

Kabla ya kufukia, jaribuni. Ziba mwisho wa chini wa kila kipande kwa mpira uliofungwa matambara, jaza maji, weka alama, rudi baada ya nusu saa. Maji yakishuka waziwazi, kuna kiungo kinavuja. Kisha tochi na kioo: mmoja amulike kutoka chemba ya juu, mwingine ashike kioo kwenye chemba ya chini. Ukiona duara kamili la mwanga, bomba limenyooka. Ukiona mwezi uliokatwa, kuna bonde au mgongo, fukueni. Mwisho tupia limau chemba ya juu na ndoo moja ya maji, lifike. Nyumba isiunganishwe hata moja hadi mstari wote upite majaribio, kwa sababu ya kwanza ikiunganishwa itaanza kutumia usiku huohuo na mafundi watakataa, kwa haki, kuendelea kufanya kazi chini yake.

Bomba likiziba, msikimbilie kuvunja. Fungueni chemba moja moja kutoka juu. Zilizojaa zimesimama juu ya kizuizi, ya kwanza iliyo kavu iko chini yake. Kizuizi kiko kati ya ya mwisho iliyojaa na ya kwanza iliyo kavu. Ingiza fito kutoka kwenye chemba kavu kuelekea juu, ukiwa na glovu ndefu na buti, usimame pembeni, usiwe mbele ya mdomo, maana maji yatakuja kwa kishindo. Weka uma au wavu kwenye mdomo wa kutokea ili kilichoziba kitolewe na kisiende kuziba mbele. Kitazameni ni nini kabla ya kukitupa: kama ni mchanga, kuna chemba mfuniko wake haukai vizuri, kama ni mizizi, kuna kiungo kimefunguka karibu na mti, kama ni mafuta, tembeleeni jikoni. Mstari wote usafishwe mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili kabla ya masika na mwezi wa tisa kabla ya vuli.

Makaro ya zamani ndiyo ya kufunga kazi, na ndiyo yanayoua. Hakuna mtu kuingia ndani ya karo, hata lililokauka, hata kwa dakika moja, hata kumwokoa aliyeanguka, asipokuwa na vifaa vya hewa. Gesi ya humo hunuka yai viza mwanzoni, kisha inaua pua, unadhani imeisha. Nyonyeni kwa gari likifika, au kwa pampu ya kusukuma kwa mkono, tope likibebwa kwa mapipa. Fungueni mifuniko yote na muweke uzio. Mwageni chokaa ndani. Mkiwa juu, toboeni sakafu kwa mtaimbo mrefu mahali pawili au patatu ili maji ya mvua yasisimame humo, vunjeni kingo za juu ziangukie ndani, kisha jazeni kifusi na mchanga kwa tabaka za sentimita 30, kila tabaka likimwagiwa maji na kushindiliwa. Zibeni kwa saruji bomba lililokuwa linaingia karoni, la sivyo panya watalifanya njia. Udongo utashuka. Baada ya masika ya kwanza ongezeni kifusi tena, na msijenge chumba juu yake kabla hamjaona umetulia msimu mzima.